Shajara ya ukarabati: nyumba ya Bibi, ukingoni mwa maji, Amu (Lamu)

6 Februari 2025

Fundi ameanza na chumba nambari 2, ule ukuta unaotazama bahari, na tindo hakuihitaji. Aligonga mara moja kwa mpini wa nyundo, pande la lipu la ukubwa wa mlango likaanguka zima. Nyuma yake jiwe limekuwa unga. Alilikwaruza kwa kidole likamwagika kama sukari. "Simiti," akasema, akashuka kwenda kunywa chai.

Simiti hiyo aliiweka marehemu baba mwaka 1989, kwa pesa za Muscat. Nia yake ilikuwa njema, na wakati ule nyumba iliyopigwa simiti ilikuwa nyumba ya mtu aliyefanikiwa. Lakini kuta za Amu ni matumbawe na chokaa. Zinavuta unyevu kutoka ardhini, zinautoa taratibu kwa upepo, na chumvi inayokuja na huo unyevu inatokea juu ya lipu ya chokaa, unaifagia, basi. Ukizifunika kwa simiti, unyevu haupati pa kutokea. Chumvi inaganda ndani, nyuma ya lipu, na kila inapoganda inavimba na kuling'ata jiwe. Imefanya kazi hiyo miaka 36 bila likizo.

Kwa asiyeijua nyumba: ni gesti ya familia, vyumba 9 kwenye ghorofa mbili, na juu kabisa dari la makuti. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "Hoteli", kwa hiyo kila siku haikosi mtu anayeingia kuulizia chai na mahamri, maana kwetu hoteli ni pa kula na pa kulala ni gesti. Shangazi huwapa. Ndiyo sababu hesabu za chai hazijawahi kukaa sawa.

9 Februari

Leo hakuna kazi ya mikono. Siku nzima imeliwa na kundi la WhatsApp.

Bibi aliacha wana watatu na mabinti wawili. Hisa nane: kila mwanamume mbili, kila mwanamke moja. Shangazi, anayeiamsha nyumba hii alfajiri na kuifunga usiku tangu kabla sijazaliwa, ana moja ya nane. Ami Mkubwa, aliyeko Muscat na huja kila baada ya miaka miwili mitatu, ana mbili. Sisi watoto wa marehemu baba tunagawana mbili zake. Kwa hiyo kila mfuko wa chokaa unahitaji idhini ya watu kumi na mmoja katika nchi tatu, na mmoja wao hujibu kwa kidole gumba tu, hujui amekubali au amegusa kwa bahati mbaya.

Ami anataka AC kila chumba na bwawa la kuogelea juu, palipo na makuti. Ametuma picha. Nikamuuliza fundi, mbele ya simu, kama dari litabeba bwawa. Fundi akacheka hadi akakaa chini, na sauti hiyo ikaenda kundini kama ilivyo. Nadhani nimekosa adabu.

13 Februari

Bamvua, siku za maji makubwa. Mashua ya mawe imetoka Maweni, ng'ambo ya Manda wanakokata matumbawe, ikafika mbele ya nyumba saa kumi alasiri maji yalipojaa. Ingechelewa ikakuta yametoka, tungebeba mawe kwenye tope hadi usiku. Kutoka ukutani mwa gati ni punda, wenye shogi mbili, yaani vikapu vya mgongoni, kila mmoja. Watu kumi, punda wanne, na mtalii mmoja aliyetaka kusaidia, akabeba jiwe moja, akapiga picha nalo.

Chokaa nayo imetoka upande uleule. Tanuu yake ni duara la magogo yaliyopangwa, matumbawe yakatandazwa juu, likawashwa na kuachwa liungue. Yakishaiva huachwa yanywe unyevu mpaka yavunjike yenyewe kuwa unga. Tumeiweka shimoni uani, tukaitia maji, tukaifunika kwa magunia. Fundi anataka ilale miezi mitatu. Nilimwambia wageni wa Agosti hawatangoja. Akaniambia basi nipake simiti.

20 Februari

Hili la leo litaniletea maneno na ami zangu, ila naliandika.

Tulikuwa tunachimba mfereji wa maji machafu upande wa mbele. Chini ya sakafu, kiasi cha mkono mmoja, udongo unakwisha, inaanza taka: vigae vya sahani za buluu na nyeupe, maganda ya chaza, mifupa ya mbuzi, makumbi ya nazi, mchanga mweusi. Tulishuka mita moja na nusu, taka tu, kisha maji ya chumvi yakaanza kuingia.

Kile kibao cha mlangoni, chini ya neno "Hoteli", kinasema nyumba imekuwapo tangu karne ya 18. Haiwezekani. Ngome ya Amu ilianzwa mwaka 1813 ikamalizwa 1821, na ilipojengwa ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo mbele yake kuna uwanja, kisha safu nzima ya majumba, kisha njia ya pwani. Safu hiyo yote imesimama juu ya taka za mji zilizojazwa baharini kidogo kidogo baada ya hapo. Nyumba yetu imo safu hiyo. Ukiitazama inakiri mwenyewe: ina roshani pana upande wa bahari na madirisha makubwa. Nyumba kongwe za ndani, kule Mkomani, zimeigeuzia dunia mgongo. Unaingia dakani, kibaraza cha mlangoni, unapinda, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, misana, vile vyumba virefu, inafuatana hadi ndani kabisa penye zidaka, vishubaka vya ukutani, na kutoka njiani huoni kitu. Hii yetu inataka kuona mashua gani imeingia.

Shangazi hakushtuka. "Babake Bibi aliijenga kwa faida ya boriti," akasema, "na alimjengea Bibi alipoolewa. Hiyo karne ya 18 ni ya babako na nduze, walipoambiwa wazungu wanapenda vitu vya kale."

Alisema jingine, akiwa amenipa mgongo anachagua mchele. Desturi ya Amu ni binti kuolewa nyumbani kwake: baba humpa nyumba, mume huhamia. Ndiyo maana ya mawikio yale yanayovuka njia juu kwa juu, mama na binti wapitiane bila kushuka mitaani. Nyumba hii mama yake alipewa kwa sababu ni binti. "Mimi nami ni binti," akasema. Kisha akaniagiza nazi.

5 Machi

Ramadhani. Mafundi wanafanya kazi asubuhi mpaka saa tano tu. Usiku, baada ya tarawehe, mimi na Shangazi tunasoma daftari.

Nililijua tangu utotoni kama kitabu kilichokalia pasi kabatini. Ni daftari kubwa la mistari, la aina ya kuandikia madeni ya duka, na Bibi aliliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama walivyoandika wanawake wengi wa rika lake. Mimi nasoma Kurani vizuri lakini mwandiko huu unanishinda. Bibi hakuweka irabu alipokuwa na haraka, na alikuwa na haraka sikuzote. Shangazi anasoma kwa sauti, mimi naandika.

Nilitegemea kuanza na wazungu. Hadithi ya familia ndivyo inavyokwenda: miaka ya mwisho ya sitini vijana wa nywele ndefu walianza kuteremka Amu, wakisema mji huu ndio Kathmandu ya Afrika, hoteli ya kitalii ya Peponi ikafunguliwa kijijini Shela mwaka 1967 kwa wenye nafasi zao, na babu akaona nafasi kwa wasio nayo. Kumbe ukurasa wa kwanza hauna mzungu hata mmoja. Ni mwezi wa Mfunguo Sita, na unasema: watu saba wa Barawa, wawili wa Ngazija, mama na bintiye wa Mombasa. Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Mbele ya kila jina, kwenye safu ya pesa, maneno mawili: *hakuna malipo*.

Mwaka uliofuata ni hivyo hivyo, na wa pili yake. Kabla babu hajapata wazo lolote, nyumba ilikuwa inajaa mara moja kwa mwaka watu waliokuja Maulidini, na Bibi aliwaandika ili ajue mikeka mingapi na mchele kiasi gani.

Wazungu wanatokea ukurasa wa kumi na nne. Majina hakuweza kuyaandika kwa herufi zile, au hakutaka, kwa hiyo kila mmoja ana sifa. *Mjerumani mwembamba. Wawili wa gitaa. Yule aliyelia. Mke na mume wasiosemezana.* Wengi walilala darini kwa shilingi tano na mkeka. "Yule aliyelia" alikaa miezi minne. Nilimuuliza Shangazi alilia nini. "Alikuwa na malaria," akasema. "Na mamake alikuwa amekufa kwao, barua ikamkuta hapa. Bibi alimpikia uji."

Ukipanga mambo, hiyo shilingi tano ndiyo iliyowasomesha Ami na marehemu baba kabla ya kwenda Ghuba, na Ghuba ndiko ilikotoka simiti.

11 Machi

Tumefika mwandiko wa Shangazi. Yeye anaandika kwa herufi za Kizungu, kwa kalamu ya buluu, na anaandika majina na nambari za pasipoti kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo nusu ya pili ya daftari haina uhai kama ya kwanza. Inachoonyesha vizuri ni mapengo.

Januari 2008, baada ya uchaguzi: vyumba tisa, siku ishirini, patupu. Septemba 2011 walivamiwa watalii Kiwayu, mwezi uliofuata akatekwa mwingine Manda. Kurasa mbili za Novemba zina tarehe tu. Kisha Juni 2014, shambulio la Mpeketoni, na amri ya kutotoka usiku iliyofuata, wavuvi wa usiku wakakaa vibarazani wakitazama maji. Hapo nilitaka kufunua ukurasa, Shangazi akauzuia kwa mkono. Chumba 5, chumba 6: mama na watoto wanne, wa bara. Wiki sita. Na kwenye safu ya pesa maneno yaleyale mawili.

"Ami alijua?" nikauliza.

"Ami aliuliza mbona umeme umepanda."

Machi 2020 sikuhitaji kusomewa. Nilikuwapo.

24 Aprili

Masika. Lipu haipigwi. Mvua inaingia chumba 3 kutoka chumba 7. Chokaa imelala vizuri, laini kama siagi. Hayo tu.

19 Mei

Boriti zimefika, na ilikuwa safari. Huku miti ya mikoko huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito nyembamba kuliko zote, kisha pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea hadi banaa, ambayo watu wawili hawaibebi. Tulihitaji boriti 36 kwa vyumba 2 na 3. Korija mbili kasoro nne. Muuzaji wa kwanza alituletea mazio akidhani hatutapima. Shangazi alipima kwa shubiri yake, akayarudisha yote mashuani bila kupandisha sauti.

Wanaokata wana kibali, na mkaguzi huhesabu kabla mzigo haujatoka. Tangu serikali iliposimamisha ukataji mwaka 2018 watu wa kazi hii wamekuwa waangalifu, wengine waliiacha moja kwa moja wakaenda kuendesha boti. Siwalaumu walioweka marufuku, zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu na tukiimaliza hakuna kwingine. Siwalaumu waliokasirika pia.

Boriti ndiyo mbunifu wa Amu. Ubavu wa chumba hauzidi urefu ambao boriti inaweza kubeba bila kupinda, mita mbili na nusu hivi, mita tatu kasorobo ukiwa jasiri. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba na wageni hulalamika kuwa kitanda cha watu wawili hakiachi njia. Nimemwandikia Ami kwamba majumba ya kale ya huko aliko, na ya Kuwait na Bahrain, yana ubavu uleule, kwa kuwa miti yake ilitoka huku kwa majahazi mpaka Kenya ilipofunga biashara ya kuipeleka nje mwaka 1982. Babu yake aliishi kwa biashara hiyo. Ami akajibu kwa picha: amesimama katika ngome moja ya Oman, anaonyesha darini kwa kidole. Bila maneno. Ni mara ya kwanza tangu Februari hajataja AC.

Tulipotoa boriti za zamani, vichwa vilivyokuwa ndani ya simiti vilikuwa vimeoza hadi kina cha kiganja. Katikati ni ngumu kama chuma, na kwenye tatu kati yake bado unaona mistari myekundu na myeusi ya rangi. Tumezihifadhi. Kwa kukata vichwa zitafaa choo cha wageni, ambacho ni chembamba zaidi.

8 Julai

Kupigilia sakafu ya ghorofa ya pili. Naandika nikiwa sina mikono.

Boriti zimelala, juu yake mabamba ya matumbawe, juu yake zege la chokaa na kokoto, unene wa shubiri. Sasa lazima lipigwe mpaka lishikane na maji yatoke juu, na mashine hairuhusiwi kwa sababu itatikisa kuta. Lazima vipande, vile vigongo bapa vya mti, na lazima watu wengi kwa pamoja, kwa mdundo mmoja, siku tatu.

Fundi alikuwa na vijana sita. Kwa saa mbili walipiga kila mtu na lake, kama mvua ya mawe. Shangazi alivumilia jikoni kwa saa hizo mbili. Kisha akapanda, akawatoa watatu, akaita: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mke wa fundi, mabinti wawili wa madrasa, na shoga yake mmoja ambaye ana miaka isiyopungua themanini na aliwekwa kwenye kiti. Huyo wa kitini ndiye alianza. Sikujua kama anajua kuimba. Ubeti mmoja yeye, kiitikio sisi, na kiitikio kikiisha vipande vyote vinashuka. Safu inasogea hatua moja mbele, inarudi. Mwisho wa wimbo ukuta mmoja, mwanzo wa wimbo ukuta wa pili.

Nyimbo nyingine siwezi kuziandika hapa, zinahusu waume. Vijana watatu waliobaki waliinamisha vichwa wakapiga kwa bidii sana.

Siku ya pili watu walikuwa ishirini na moja, na watalii wa chumba 8 (chumba 8 na 9 havijafungwa, tunahitaji pesa) waliamka saa moja, wakalalamika, wakapanda kuona, wakabaki hadi adhuhuri. Siku ya tatu, ukimwaga maji juu ya sakafu yanakaa yanakutazama.

Gharama: mchele, nyama, tende, na nguo moja ya kanga kwa kila mwanamke. Fundi anasema ni ghali kuliko mashine. Amekosea, nimepiga hesabu, ila simwambii kwa sababu mkewe alifurahi.

2 Agosti

Birika la maji ya kuogea limesafishwa. Vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu tulivihamishia ndoo, viwili vikafa, kumi na moja vimerudi. Mgeni mmoja aliwahi kuandika mtandaoni kwamba maji yetu ya kuogea "yana samaki" na akatupa nyota mbili.

Chumba 2, niru ya mwisho, ile lipu laini ya juu kabisa. Fundi anaisugua kwa kijiwe laini hadi ing'ae. Anasema itaendelea kukauka mwaka mzima.

30 Agosti

Shangazi amenipa kibao. Nikafute karne ya 18. Niandike nini badala yake, hakusema. Nimekiegemeza nyuma ya mlango.

17 Septemba

Kesho ni kilele cha Maulidi na mji umejaa. Ami Mkubwa alifika jana na ndege ya Manda, akiwa na karatasi za AC katika mkoba. Tumemlaza chumba 2. Usiku upepo wa bahari ulipita roshanini ukatokea kiwandani, kama ulivyokuwa kabla mwaka 1989 hawajaziba matundu ya juu ya mlango. Saa nane nilimsikia anashuka ngazi kumuuliza dada yake kama kuna shuka la pili.

Asubuhi wamekaa barazani wawili peke yao kwa muda mrefu. Nilipita na chai nikasikia neno "hiba", yaani kumpa mtu mali ungali hai, mara moja. Nilipopita tena walikuwa wanazungumzia bei ya kamba.

Vyumba vyote tisa vina watu: Tanga, Unguja, Mombasa, na wazee wanne wa Ngazija ambao baba zao, kwa mujibu wa mmoja wao, walilala hapahapa. Shangazi amefungua daftari jipya. Sijatazama safu ya pesa.

Yaliyobaki: lipu ya ngazi, mlango wa chumba 7, mfereji wa nyuma, kibao. Na niru ya chumba 2 bado inatoa weupe ukiiegemea. Mzee mmoja wa Ngazija ameenda Riyadha na joho jeusi lenye mgongo mweupe, Shangazi amemfuata hadi njia panda na brashi ya nguo.